Gemu moja miaka kumi, au gemu mia mwaka mmoja? Njia za kuzijua gemu za kompyuta, zikilinganishwa

Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani akisubiri matokeo. Ana kompyuta mpakato ya mtumba, RAM gigabaiti 8, haina kadi ya michoro. Wiki kadhaa zilizopita alinionyesha kwenye simu kipande cha video cha Apex Legends, gemu ambayo sijaicheza hata dakika moja. Mhusika anakimbia, anateleza chini, anaruka, anapinda kona akiwa hewani na kasi yake haipungui. Nikamwambia, "Hiyo ina damu ya Quake, gemu ya kupiga risasi ya miaka ya tisini." Akaenda kutafuta, akarudi baada ya nusu saa. "Mjomba, kweli. Injini yake, yaani programu inayoiendesha, imetokana na Source, Source imetokana na injini ya Half-Life, na ya Half-Life imetokana na Quake. Umejuaje?" Kisha akauliza swali lililonikalisha chini kuandika haya: "Na mimi nikitaka kujua hivyo, nianzie wapi?"

Sikuwa na jibu la sentensi moja. Wacheza gemu wa siku nyingi ninaowaheshimu hawakupita njia moja. Yupo aliyekaa na gemu moja tangu akiwa shule. Yupo aliyeonja mamia. Yupo anayezifuatilia kama wazee wanavyofuatilia ukoo, nani kamzaa nani. Na yupo ambaye siku hizi hachezi sana, kazi yake ni kuzifungua na kuzishona upya. Wote wanajua mengi, ila wanajua vitu tofauti. Nimezipima njia zao kwa mambo manne ambayo kijana mwenye mashine ya kawaida na bando la kuhesabu hawezi kuyakwepa: muda, intaneti, nguvu ya kompyuta, na kile anachobaki nacho kichwani mwaka ukiisha. Hilo la mwisho nimelipa uzito kuliko mengine.

Kwanza, sisi tulifundishwa na uhaba

Mwaka 2005 nilikuwa kidato cha pili Morogoro. Kafe ya intaneti tuliyokuwa tukienda ilikuwa na mashine sita zilizounganishwa kwa waya. Ndani yake mlikuwa na Counter-Strike 1.6, GTA: Vice City, Age of Empires II, na CD moja ya demo, yaani vipande vya gemu vya kujaribu, iliyotoka kwenye jarida la Uingereza. Ukikuta Counter-Strike imejaa, unakaa kwenye mashine iliyobaki na unacheza kilichomo. Gemu za mikakati nilizijua kwa namna hiyo. Sikuzichagua, nilikosa nafasi kwingine, na leo ndizo nizipendazo.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani walipitia hali inayofanana miaka kumi kabla yetu. Doom ilipotoka Desemba 1993, sehemu yake ya kwanza iligawiwa bure na watu waliruhusiwa kunakiliana kwenye diski. Majarida yalibandikwa CD za demo kwenye jalada, na mtoto aliyenunuliwa jarida moja kwa mwezi alicheza kila kilichokuwamo, hata gemu za treni na za gofu, maana CD nyingine ilikuwa mbali. Kwa hiyo ule upana ambao vijana wanaustaajabia kwa watu wa umri wetu, sehemu kubwa yake haukutafutwa. Ulikuja kwa sababu hatukuwa na uwezo wa kukataa.

Leo mambo yamegeuka. Steam, duka lililofunguliwa Septemba 2003, lina makumi ya maelfu ya gemu, na linakupangia mbele zile zinazofanana na ulizokwisha kucheza. Ukianza na mpira utaonyeshwa mpira. Ukianza na bunduki utaonyeshwa bunduki. Mtu anaweza kucheza kila siku kwa miaka mitano asitoke nje ya chumba kimoja. Ndiyo maana nasema njia ya kujifunza sasa inabidi uichague mwenyewe.

Kuzama kwenye gemu moja

Hii ndiyo njia ya wengi, mara nyingi bila kupanga. Unaipenda Dota 2, gemu ya timu mbili zinazopigana, unabaki nayo. Ina mashujaa zaidi ya 120, kila mmoja na uwezo wake, na kila sasisho linabadilisha hesabu. Mtu aliyeifuata tangu 2013 amejifunza jambo ambalo vitabu vya kutengeneza gemu huchukua kurasa nyingi kulieleza: ukiongeza nguvu ndogo mahali pamoja, watu maelfu wanabadili tabia kila mahali. Ameliona likitokea kwa macho yake mara nyingi.

Mimi nilizama kwenye Counter-Strike. Nilijua risasi za AK-47 zinapanda vipi ukishikilia kifyatulio, nilijua ukipiga huku unatembea unakosa, na zaidi ya yote nilijua ile hesabu ya fedha: raundi hii tununue au tubane ili raundi ijayo tuwe na silaha kamili. Valorant ilipotoka 2020 nilielewa mwenendo wake ndani ya dakika kumi, kwa sababu hesabu ni ileile. Huo ndio uzuri wa kuzama. Unachokijua kinaingia mpaka mikononi.

Ubaya wake niliuona kwa rafiki yangu wa kafe ileile. Yeye hakutoka kabisa kwenye Counter-Strike. Siku moja nikamwekea Doom ya 2016. Akajibanza nyuma ya ukuta, akachungulia, akasubiri, akafa. Akarudia, akafa. Gemu ile inakulipa ukisonga mbele: unapomkaribia adui na kummaliza kwa mikono, ndipo unapopata afya. Rafiki yangu akasema imetengenezwa vibaya. Aliyajua yote ya nyumba moja, akadhani kila nyumba jiko liko upande huohuo.

Kuhusu gharama: gemu kubwa za ushindani ni bure kuzipata lakini si bure kuziweka. Counter-Strike 2 na Dota 2 ni makumi ya gigabaiti kila moja, masasisho hayaishi, na ni lazima uwe mtandaoni. Kwa sisi wa Afrika Mashariki seva za karibu mara nyingi ziko Afrika Kusini, Ulaya au Ghuba, kwa hiyo unabonyeza sasa na jambo linatokea baadaye kidogo, na ile kidogo ndiyo inayokuua. Ukitaka kuzama, na bando ni la kubana, zama kwenye kitu kisichohitaji mtandao: Age of Empires II dhidi ya kompyuta, Civilization ya zamani, au Football Manager.

Kuonja nyingi

Hapa ndipo zama hizi zinapotuzidi sisi wa CD za demo. Epic Games Store, tangu ilipofunguliwa mwishoni mwa 2018, imekuwa ikitoa gemu za bure, na kwa miaka mingi sasa imekuwa kila wiki. Steam ina tamasha la demo mara kadhaa kwa mwaka, mamia ya gemu ambazo hazijatoka unazijaribu bila kulipa. Tangu 2015 Steam pia inarudisha fedha ukiwa umecheza chini ya saa mbili na hazijapita siku 14 tangu ununue. Itch.io, iliyoanza 2013, imejaa gemu ndogondogo za watu binafsi, nyingi chini ya megabaiti mia, nyingine zinachezwa ndani ya kivinjari. Hiyo ya mwisho naipendekeza kwa moyo wote kwa mwenye mashine dhaifu, kwa sababu humo utakuta mawazo ambayo kampuni kubwa haziwezi kuyathubutu.

Mwonjaji anapata haraka ramani ya mji mzima. Baada ya mwaka anajua kuna gemu za kujenga reli, za kupanga kadi, za kusoma hadithi tu bila kupiga mtu, za kuendesha lori usiku kucha kutoka Rotterdam hadi Prague. Ukimtajia jina anajua liko mtaa gani.

Lakini saa mbili ni chache mno kwa aina fulani za gemu, na hili watu hawalisemi vya kutosha. Civilization haijaanza hata saa ya tatu. Mwonjaji wa Civilization IV ya 2005 ataisikia nyimbo ya mwanzo, Baba Yetu, sala yetu kwa Kiswahili kitupu, iliyotungwa na Christopher Tin na mwaka 2011 ikawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda Grammy. Atafurahi kama nilivyofurahi. Ila hatafika pale ambapo mji aliouweka vibaya mwaka wa kwanza unamgharimu vita vya karne ya kumi na tano. Na hapo ndipo gemu yenyewe ilipo.

Tatizo la pili ni usahaulifu. Nilipitia kipindi cha kudai kila gemu ya bure iliyotolewa. Maktaba ikajaa, na miezi sita baadaye nisingeweza kukueleza tofauti ya mbili kati ya hizo. Dawa niliyoipata ni daftari la kawaida la shule. Kila gemu naiandikia mambo matatu: mikono yangu ilikuwa ikifanya nini muda mwingi, inanikumbusha gemu gani nyingine, na niliiacha wapi na kwa nini. Mistari mitatu, basi. Tangu nianze hivyo kuonja kwangu kumeanza kubaki. Ule mstari wa pili, "inanikumbusha nini", ndio ulionitoa kwenye kuonja ukanipeleka kwenye njia inayofuata.

Kama ni kuchagua kati ya hizi mbili tu, ningemwambia mtu chini ya miaka ishirini aonje kwanza. Mwenye kazi na watoto, anayepata saa tano kwa wiki, azame. Saa tano zilizogawanywa kwa gemu nne hazimfikishi popote.

Kufuata ukoo

Hii ndiyo njia yangu, na sitajifanya hakimu asiye na upande. Unachukua gemu moja ya sasa unayoipenda, unauliza imezaliwa na nani, unaicheza ile iliyoizaa, unauliza tena. Huangalii kama picha ni nzuri. Unatafuta kila kizazi kimehifadhi nini na kimetupa nini.

Twende na ile damu ya Quake. Quake ilitoka 1996. Katika hesabu zake za mwendo mlikuwa na mwanya: ukiruka huku unageuza kipanya na kubonyeza upande, kasi inaongezeka kupita ile iliyokusudiwa. Wachezaji wakaufanya ufundi. Valve walipotengeneza Half-Life, iliyotoka 1998, waliijenga juu ya injini ya Quake waliyoikarabati, na sehemu ya hesabu zile zikaja nayo. Counter-Strike ikazaliwa ndani ya Half-Life. Source ikafuata, na Titanfall ya 2014 na Apex Legends ya 2019 zikajengwa juu ya Source iliyofanyiwa marekebisho makubwa. Upande mwingine wa ukoo, injini ya Quake III ndiyo iliyobeba Call of Duty ya kwanza, 2003. Ukishazicheza hizi kwa mpangilio, miguu ya mhusika inakwambia kabila lake kabla hujasoma jina la kampuni. Niliyomwambia mpwa wangu hayakuwa uchawi.

Ona sasa jambo linalonifurahisha kuhusu njia hii. Mashine yake haiiwezi Apex Legends kabisa. Lakini bibi na babu zake wote inawaweza. Kompyuta dhaifu, ambayo kwenye njia nyingine ni kikwazo, hapa haina neno, kwa sababu unarudi nyuma.

Ukoo wa pili, ambao ni rahisi zaidi kwa bando, ni wa Rogue. Iliandikwa kwa ajili ya kompyuta za Unix vyuoni California, ikatoka 1980, kazi ya Michael Toy na Glenn Wichman, na Ken Arnold akajiunga baadaye. Haina picha. Wewe ni alama ya @, kila zimwi ni herufi, shimo linachorwa upya kila unapoanza, na ukifa umekufa, hakuna kurudi ulipohifadhi. NetHack ikaja 1987 na ikaongeza mambo hadi leo watu wanagundua mapya. Diablo, mwishoni mwa 1996, ilipangwa awali iende kwa zamu kama Rogue, adui akisubiri mpaka wewe usogee, kisha ikageuzwa iende mfululizo, na mageuzi hayo yakazaa aina nzima ya gemu. Spelunky ya 2008 ikachukua shimo linalobadilika ikalitia kwenye gemu ya kuruka. The Binding of Isaac, 2011, ikalitia kwenye gemu ya kupiga risasi. Slay the Spire, ambayo toleo lake kamili ni la 2019, ikalitia kwenye kadi. Hades, 2020, ikafanya jambo ambalo naliona bora kuliko yote: kufa kwenyewe kukawa ndiko kunakosogeza hadithi, maana kila ukifa unarudi nyumbani na watu wana la kukuambia.

NetHack ni bure na ni megabaiti chache. Slay the Spire haihitaji mashine ya maana. Kwa mwezi mmoja mtu anaweza kuwa amegusa miaka arobaini ya fikra moja ikibadilika, kwa intaneti isiyozidi video chache.

Ukoo wa tatu nautaja kwa sababu unafika kwetu. Metroid ya 1986 ilianzisha ramani moja kubwa ambayo milango yake hufunguka unapopata uwezo mpya, kisha unarudi ulikopita. Castlevania: Symphony of the Night, 1997, ikaongeza silaha na viwango. Mwaka 2004 Mjapani mmoja, Daisuke Amaya, akatoa Cave Story bure kwa kompyuta baada ya kuitengeneza peke yake kwa takriban miaka mitano. Hollow Knight ya 2017 inatoka Australia. Na mwaka 2024 ikatoka Tales of Kenzera: Zau, ikiongozwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitengeneza kutokana na msiba wa baba yake. Inachota kwenye masimulizi ya Kibantu, na unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Aliyeianza bila kuujua ukoo atasema ni nzuri au si nzuri. Aliyetoka Cave Story atakuonyesha mahali Salim alipokopa na mahali alipoweka cha kwake: mganga mwenye vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, vinavyobadilishana katikati ya pigano.

Kasoro za njia hii zipo. Gemu za zamani zina mpangilio wa ajabu wa vitufe, hazikuelekezi, na saa ya kwanza inaweza kukukatisha tamaa. Jipe saa tatu, na usione haya kusoma kitabu cha maelekezo, kwani wakati ule maelekezo yaliwekwa kwenye kitabu, humo ndani ya gemu hukuti kitu. Pia ukoo mwingi umekatika. Uchunguzi wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulikuta asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena mahali popote. GOG, duka lililoanza 2008, limeokoa nyingi na kuzifanya zikubali Windows za sasa. Internet Archive inakuwezesha kucheza nyingi za MS-DOS ndani ya kivinjari. StarCraft ya 1998 ilifanywa bure 2017. Sisi kwenye kafe tulicheza nakala ambazo hakuna aliyelipia, na hatukujua kama kuna haja ya kuuliza. Mtu wa leo ana njia nyingi halali, bure kabisa, hana sababu ya kuhangaika na nakala zenye virusi.

Kufungua na kushona upya

Historia ya gemu za kompyuta ni tofauti na ya mashine za kuunganisha kwenye televisheni kwa jambo hili hasa: kompyuta ilikuruhusu kuingiza mkono ndani. John Carmack alipojenga Doom alitenga injini na vitu vyake, ramani na picha na sauti vikakaa kwenye faili la WAD ambalo mtu yeyote angeweza kulibadilisha. Mwaka 1997 msimbo wenyewe ukatolewa hadharani. Kutoka utamaduni huo zimezaliwa aina ambazo leo zinachezwa na mamilioni. Counter-Strike ilikuwa modi, yaani gemu iliyoshonwa na wachezaji juu ya gemu nyingine, iliyoanzishwa 1999 na Minh Le na Jess Cliffe. Dota ilikuwa ramani ya Warcraft III. PUBG ya 2017 ilitoka kwenye modi alizozitengeneza Brendan Greene kwa Arma. Mapema 2019 ramani ya Dota 2 iitwayo Auto Chess ilizua aina mpya, na kabla mwaka haujafika katikati kampuni kubwa zilikuwa zimeshatoa za kwao.

Mtu wa modi anajua gemu kama fundi cherehani anavyolijua shati: anaona mshono. Mimi nilitengeneza ramani yangu ya kwanza ya Doom nikiwa chuo. Nikaweka mazimwi ishirini kwenye ukumbi mmoja, nikidhani itatisha. Haikutisha, ilichosha. Nilipoifungua ramani ya asili kuangalia wenzangu walifanyaje, nikagundua kwamba mlio wa bunduki husafiri kutoka chumba hadi chumba kupitia mwanya uliopo, na zimwi aliyeusikia huamka na kuanza kukutafuta. Nikaondoa kumi na sita, nikawaacha wanne vyumba vya mbali, nikafungua dirisha dogo. Ukipiga risasi ya kwanza, hakuna kinachotokea. Sekunde nane baadaye unasikia mlango nyuma yako. Tangu siku ile sijawahi kuingia kwenye chumba cha gemu yoyote bila kujiuliza nani amenisikia.

Kwa mashine dhaifu njia hii ni nzuri sana: Freedoom inakupa ramani, picha na sauti za kutumia na injini ya Doom, bure na kisheria, programu za kuchora ramani ni bure, na ukishapakua huhitaji mtandao. Inachodai ni uvumilivu na Kiingereza cha kusoma maelekezo. Wapo watakaokaa wiki mbili bila kuona kitu kinachochezeka, na wengi huacha hapo. Pia haikupi upana peke yake. Mtu wa Doom anaweza kubaki na Doom. Ndiyo maana siiweki ya kwanza. Naiweka ya pili, baada ya kuwa na ukoo mmoja kichwani.

Kutazama wengine wakicheza sitakutetea wala kukulaumu. Kunafaa kwa gemu ambazo hazipatikani tena na kwa zile ambazo mashine yako haiziwezi. Lakini gemu iko mikononi, na kwa bando letu saa moja ya video nzuri inakula zaidi ya NetHack ya mwaka mzima.

Basi uchague nini

Una RAM gigabaiti 4 au pungufu na intaneti ya shida: ukoo wa Rogue, uanzie NetHack, kisha Cave Story upumzike. Una mashine ya kawaida na likizo ndefu: ukoo wa gemu uipendayo, mmoja tu, mpaka uufikishe kwenye mzizi, ndipo uanze mwingine. Una mashine nzuri na intaneti ya nyumbani: onja mwaka mzima, kwa daftari, na kila miezi mitatu chagua moja ya kuzama. Una saa chache kwa wiki na kichwa kimechoka: zama, tena kwenye gemu ya zamu, ambayo unaweza kuiacha mtoto akilia na kuirudia usiku. Unapenda kuvunja redio uone ndani: usisubiri, ingia kwenye modi. Na kama una marafiki wawili watatu mnaopenda gemu, gawaneni. Mmoja azame, mmoja aonje, mmoja afuate ukoo, mkutane Jumamosi mwelezane. Sisi kafe ilitufanyia kazi hiyo bila malipo ya ziada.

Mpwa wangu alichagua ukoo. Nilimpa mpangilio: Doom, Quake, Half-Life, kisha modi yoyote. Sikumweleza atafute nini humo.

Juzi usiku kanitumia ujumbe. "Shikamoo mjomba. Hii taa kwenye korido ya Half-Life mbona inapepesa kama ile ya Quake? Nimezihesabu, ni mpigo uleule." Nilimpigia. Kwenye Quake mpepeso wa taa huandikwa kwa herufi: a ni giza, m ni mwanga wa kawaida, z ni mwanga mara mbili, na injini inazisoma moja baada ya nyingine. Mstari wa taa mbovu ni mmnmmommommnonmmonqnmmo. Half-Life iliurithi. Hata Half-Life: Alyx ya 2020, miaka 24 baadaye, watu walikuta taa zinapepesa kwa mpigo wa kale. Akaniuliza mstari ule umeandikwa faili gani. Nikamwambia. Nilisikia kibodi ikilia upande wa pili kabla sijamaliza, akauliza tena, kwa haraka: "Mjomba, nikiweka a kumi mfululizo halafu z moja?"